Kazi Inatakiwa Lini? Kiingereza cha Tarehe ya Mwisho kwa Mswahili wa Frogtown

Tuchukue mfano wa dada anayefanya kazi katika ofisi ndogo ya huduma za wagonjwa wa nyumbani, kando ya University Avenue, mtaa wa Frogtown, jijini Saint Paul, Minnesota. Jumatatu asubuhi msimamizi anamuuliza orodha ya wateja itakuwa tayari lini. Dada anajibu bila kusita: “I will work on it until Friday.” Kichwani mwake amesema kwamba mpaka Ijumaa itakuwa tayari. Msimamizi amesikia jambo jingine kabisa: kwamba dada ataishughulikia orodha hiyo wiki nzima, na Ijumaa ataiacha, iwe imekwisha au haijakwisha. Alhamisi anakuja kuuliza tena, mara hii kwa sauti iliyokauka kidogo. Dada anashangaa kosa lake ni lipi, maana siku aliyoahidi haijafika.

Kosa ni la neno dogo. “Mpaka” na “hadi” za Kiswahili hubeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezitenganisha. Jambo linaloendelea bila kukatika hadi saa au siku fulani huchukua “until”: “I'm here until five” ni kusema nipo hapa mfululizo, saa kumi na moja jioni naondoka. Jambo linalotakiwa liwe limekwisha siku hiyo ikifika huchukua “by”: “I'll have it done by Friday.” Ukiikabidhi Jumatano ni sawa, Ijumaa yenyewe ni sawa, Jumamosi umechelewa. Kipimo rahisi ni hiki: kabla ya kusema, ingiza kichwani maneno “muda wote huo”. Yakikaa vizuri, sema “until”. Kama maneno yanayofaa ni “si zaidi ya”, sema “by”. Ndiyo maana msimamizi anaweza kukuambia “You have until Friday” na akawa sahihi, kwa kuwa muda wote huo ni wako, lakini wewe ukimjibu, mjibu kwa “by”.

Maneno ya namna hii ndiyo yanayowaangusha watu wazima waliokwisha kukijua Kiingereza. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, Mtanzania mwenye shahada, Mkongo aliyejifunza Kiingereza juu ya Kifaransa chake: kila mmoja ana msamiati wa kutosha. Wakenya wengi wa Minnesota wanakaa Brooklyn Park na Brooklyn Center, upande wa magharibi wa mto Mississippi, lakini kazi huwapeleka kila kona ya miji miwili jirani, Minneapolis na Saint Paul. Treni ya Green Line, iliyoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2014, inapita University Avenue ubavuni mwa Frogtown, ikiunganisha katikati ya Minneapolis na katikati ya Saint Paul. Humo ndani utawaona watu wa zamu, na simu zao zimejaa ujumbe wa kuuliza kazi imefika wapi. Frogtown yenyewe, ambayo kwenye karatasi za jiji huitwa Thomas-Dale, imejaa watu waliojifunza Kiingereza ukubwani: Wahmong waliotoka Laos baada ya vita vya huko, Wakaren wa Burma, Waoromo, Wasomali.

Neno la kwanza kulimudu ni “due”. “When is it due?” ndiyo njia ya kawaida ya kuuliza kazi inatakiwa lini. Wamarekani wengi hulitamka “duu”, sawasawa na “do”, kwa hiyo lisikilize likiwa ndani ya sentensi, usilisikilize peke yake. Mahali pazuri pa kulizoea ni maktaba ya Rondo, pale University Avenue inapokutana na Dale Street. Kila kitabu unachoazima kina “due date”. Siku hiyo ikipita, kitabu ni “overdue”. Tangu Januari 2019 maktaba za jiji la Saint Paul hazitozi faini ya kuchelewesha, hivyo pale neno hilo ni kumbusho tu. Kwenye kodi ya nyumba lina meno zaidi. “Rent is due on the first” maana yake ni tarehe mosi, na barua yenye maneno “past due” inasema umeshachelewa. Kwa sheria ya Minnesota, faini ya kuchelewesha kodi haiwezi kuzidi asilimia 8 ya kiasi kilichochelewa, na ni lazima iwe imeandikwa kwenye mkataba. Kariri na “grace period”: siku za huruma baada ya tarehe yenyewe kabla ya adhabu. Ofisi zingine zinazo, zingine hazina. Uliza, usikisie.

“Deadline” nalo lina asili ya kutisha. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kambi ya wafungwa wa Andersonville, Georgia, ilikuwa na mstari ndani ya ukuta wake, na mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Mstari ule ndio ulioitwa “dead line”. Baadaye waandishi wa magazeti ya Marekani walianza kulitumia neno hilo kwa saa ya mwisho ya kupeleka habari mitamboni. Magazeti ya Kenya yamezoea “makataa”, Tanzania husema “tarehe ya mwisho” au “muda wa mwisho”, na vijana wa pande zote husema “dedilaini” tu. Kwa Kiingereza, vitenzi vinavyokwenda na neno hili ni vichache na havibadilishwi: “meet” au “make” ukiwahi, “miss” ukikosa, “extend” ukiongezewa muda. Anayesema “I reached the deadline” anaeleweka kwa shida.

Sasa tufike kwenye mbele na nyuma, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosana na kalenda.

Mswahili akisema mkutano umesogezwa mbele, kwa kawaida anamaanisha umeahirishwa. Siku zijazo ziko mbele yake, na mkutano umesukumwa huko. Mmarekani akitaka kusema hilohilo husema “pushed back”, umesukumwa nyuma. Na ukiletwa karibu zaidi ya ulivyopangwa, husema “moved up”, umepandishwa juu. Anayetafsiri neno kwa neno atafika siku ya tofauti. Hata wenyewe “moved forward” huwachanganya. Lera Boroditsky na Michael Ramscar, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2002, waliwauliza watu: mkutano wa Jumatano ijayo umekuwa “moved forward two days”, sasa ni siku gani? Wengine walijibu Jumatatu, wengine Ijumaa, na waliokuwa wametoka kushuka kwenye ndege walielekea zaidi kusema Ijumaa. Ikiwa wazaliwa wa lugha wanagawanyika hivyo, mgeni hana sababu ya kuona haya kuuliza. Usikubali mabadiliko yoyote ya tarehe kwa maneno ya mbele na nyuma peke yake. Rudia kwa siku na tarehe: “So it's now Thursday the twelfth, is that right?” Sentensi hiyo moja inazuia hasara nyingi.

Tahadhari hiyohiyo iende kwenye “this Friday” na “next Friday”. Siku ya Jumatatu, “this Friday” ni Ijumaa ya wiki hii. “Next Friday” kwa wengi ni ya wiki inayofuata, ila wapo wanaomaanisha ile iliyo karibu. Tarehe za tarakimu nazo ni mtego. Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo 6/7 ni tarehe 7 Juni, wakati msomaji wa Nairobi, Mwanza au Bujumbura ataisoma kuwa tarehe 6 Julai. Kwenye fomu za kazi na za uhamiaji, mwezi mmoja wa makosa ni mkubwa mno. Andika jina la mwezi kila unapopewa nafasi.

Kwenye saa, Mswahili ana faida na hatari kwa pamoja. Hatari inajulikana: anayewaza “saa mbili” akasema “two o'clock” amekosea kwa saa sita, na uchovu wa mwisho wa zamu huleta kosa hilo hata kwa aliyekaa ugenini miaka kumi. Faida haisemwi sana. Kiingereza kina msemo “at the eleventh hour”, dakika za mwisho kabisa, uliotoka kwenye Injili ya Mathayo sura ya 20, pale mwenye shamba la mizabibu alipoajiri vibarua wa mwisho jua likielekea kuzama. Saa ya kumi na moja ya kitabu kile inahesabiwa tangu macheo, kama saa ya Kiswahili. Mmarekani anaukariri msemo huu bila kuiona saa iliyomo; Mswahili anajua ni saa kumi na moja jioni, imebaki saa moja giza liingie. Na kwa bahati njema, “close of business”, ambayo kwenye ujumbe huandikwa COB, kwa kawaida ni saa hiyohiyo, yaani 5 p.m. “End of day”, au EOD, imelegea zaidi. Mmoja anamaanisha saa ya kufunga ofisi, mwingine anamaanisha kabla hajafungua kompyuta kesho asubuhi. Ukiandikiwa EOD na mtu usiyemzoea, uliza: “Is five o'clock okay?” Na kama makao makuu ya kampuni yako New York, saa kumi na moja ya kwao ni saa kumi ya Saint Paul.

Kuna pia suala la usiku. Kwa desturi ya Kiswahili siku huanza magharibi, hivyo “usiku wa Ijumaa” kwa watu wa pwani ni usiku unaoanza Alhamisi jua likizama, na ndiyo maana watangazaji wetu husema “usiku wa kuamkia Ijumaa” ili kuondoa shaka. Kiingereza husema “Friday night” kwa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. “Midnight Friday” huwatatiza hata wao, ndiyo sababu fomu nyingi za Marekani huandika 11:59 p.m. Ukiona 12 a.m., ni saa sita usiku, 12 p.m. ni saa sita mchana.

Lugha ya Minnesota ina upole wake, na upole huo una amri ndani yake. Mwaka 1987 Howard Mohr alichapisha kitabu cha kuchekesha, How to Talk Minnesotan, juu ya watu wa jimbo hili wasiopenda kusema jambo moja kwa moja. Kazini utasikia “It'd be great if you could get that to me by Wednesday.” Kwa umbo ni ombi, kwa kweli ni tarehe ya mwisho. “Whenever you get a chance” mara nyingi ni leo au kesho. “Just checking in”, “just following up” na “friendly reminder” zote zinauliza kazi iko wapi. Mtu aliyelelewa Uswahilini hapaswi kupotea hapa. Anamjua jirani anayekuja “kukujulia hali tu”, anasalimia, anauliza watoto, anauliza wazee, anakunywa chai, kisha akiwa amesimama mlangoni ndipo analitoa alilojia. “Just checking in” ni jirani yuleyule, ameruka chai tu. Mjibu lile la mlangoni.

Na jibu lisiwe “bado”. Neno hili kwa Kiswahili linajitosheleza: kazi haijakwisha, inaendelea, itakwisha. “Not yet” ikiachwa peke yake kwa Kiingereza inasikika kama mlango uliofungwa. Iongezee siku: “Not yet, but I'm on track for Thursday.” “On track” ni kwamba kazi inakwenda kama ilivyopangwa, “ahead of schedule”, umetangulia, “running behind”, umeanza kuachwa nyuma. “I'll try” nayo humwacha msimamizi bila tarehe. Mwenye imani hana haja ya kuiacha “Inshallah” yake. Aiseme, kisha ataje siku na saa.

Wasemaji wa Kiswahili kutoka Goma, Bukavu au Lubumbashi wana mtego wao wa peke yao, uliowekwa na Kifaransa. “Délai” ya Kifaransa ni muda uliopangwa. “Delay” ya Kiingereza ni kuchelewa. Anayeuliza “What is the delay?” akitaka kujua tarehe ya mwisho atasikika kama analalamika kwamba amecheleweshwa. Hatari zaidi ni “demander”, kuomba. “I demand more time” kwa Kiingereza ni kudai, tena kwa ukali, na mtu mpole anaweza kuonekana mgomvi kwa sentensi moja. Aseme: “Could I have more time?” au “Could I get an extension?” “Extension” ni nyongeza ya muda, na ni vyema kuuliza imeongezwa kwa ajili ya nini hasa. Kwenye kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho, kwa mfano, “extension” husogeza kuwasilisha fomu kutoka Aprili hadi tarehe 15 Oktoba, lakini haisogezi kulipa; deni linaendelea kuhesabiwa riba.

Kuomba nyongeza ndiko kunakohitaji mazoezi kuliko yote, kwa sababu malezi yetu yanasukuma upande mwingine. Wengi wetu tumefundishwa kwamba mkubwa hapelekewi shida kabla haijawa shida, na kwamba anayenyamaza na kuhangaika peke yake ana adabu. Ofisi ya Marekani hupima kinyume: aliyetoa taarifa siku mbili kabla anaonekana mtu wa kuaminika hata kama amechelewa, na aliyenyamaza mpaka siku yenyewe anaonekana amedanganya. Hivyo misemo ya kujifunza kwanza ni ya kutoa taarifa mapema. Ya kuomba radhi itakuja baadaye. Taarifa nzuri ina mambo matatu: hali ilivyo, tarehe mpya, na swali. “I want to give you a heads-up. I'm running behind on the client list. I can have it to you by noon on Monday. Will that work?” Hakuna maelezo marefu ya ugonjwa wa mtoto wala gari lililogoma kwenye theluji. Sababu ikihitajika, sentensi moja inatosha, na iwe ya kweli. Ukiwa umelemewa na kazi nyingi, sema “I have a lot on my plate right now. Which one should I do first?” Swali hilo linampa msimamizi uamuzi ulio wake, na linakulinda wewe.

Anayelipwa kwa saa katika nyumba za wazee ana tarehe yake ya mwisho kila siku: kumbukumbu za wagonjwa ziandikwe kabla zamu haijaisha. Dakika kumi na tano zikibaki na kazi haijakwisha, sema: “I won't finish my charting before my shift ends. Can I stay and finish, or should I hand it off?” Ukiambiwa uimalize “off the clock”, yaani baada ya kugonga saa ya kutoka, ujue kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1938, Fair Labor Standards Act, inataka mfanyakazi wa saa alipwe kwa muda wote aliofanya kazi. Jibu la utulivu ni “I'd need to stay clocked in for that.”

Kwenye maghala tarehe ya mwisho imekatwakatwa kuwa dakika. Huko neno ni “rate”, idadi ya vitu kwa saa, na “Are you making rate?” ni kuulizwa kama unaifikia idadi hiyo. Desemba 2018 wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wasomali, waliandamana nje ya ghala la Amazon huko Shakopee, kusini-magharibi mwa Minneapolis, wakilalamikia kasi ya kazi na nafasi ya kuswali. Tangu tarehe 1 Agosti 2023 sheria ya Minnesota inayalazimisha maghala makubwa kumpa kila mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kiwango anachotakiwa kufikia na jinsi kinavyopimwa, kwa Kiingereza na kwa lugha ambayo mfanyakazi ameitaja kuwa yake. Kiwango hicho kisimzuie kula, kupumzika, kuswali wala kwenda msalani. Mswahili anayejaza fomu ya kuajiriwa na kuandika kwamba lugha yake ni Kiingereza, kwa kuogopa kuonekana hajui, anaisamehe haki hiyo bila kujua. Andika Kiswahili. Kisha sema: “Can I get my quota in writing, in Swahili?”

Kuhusu mahali pa kufanyia mazoezi, Frogtown ina jibu. Hubbs Center, namba 1030 University Avenue West, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni cha Lexington, ni kituo cha elimu ya watu wazima cha shule za umma za Saint Paul, na madarasa yake ya Kiingereza hayalipiwi. Nenda na ujumbe mmoja wa kazini uliowahi kukutatiza, ukiwa umefuta majina ya wagonjwa na ya wenzako, umwombe mwalimu akusomee kwa sauti na akuonyeshe ni wapi ndani yake tarehe ya mwisho imejificha.